Mulango niliouchora kwenye tumbo la yaya

Niliamini, tena kwa roho yote, mimi mwanamume mwenye diploma ya masomo ya jioni, kwamba choa ikizunguka kiuno cha mutu mpaka ncha zake zikutane, mutu huyo anakata roho palepale, hata kama ameshika tonge la bugali mkononi. Niliambiwa na muuza maziwa, na muuza maziwa kwetu Bigo anazidi redio.

Basi dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, akapata choa. Yeye ambaye kinga ya mwili wake iko chini, anayemeza vidonge vya virusi kila siku tangu mume wake afariki. Ilianza mgongoni kama sarafu, ikasambaa pande zote mbili kuja tumboni. Ningeapa niliiona ikitembea. Kila asubuhi nilipima nafasi iliyobaki kwenye kitovu: vidole vinne, vitatu, viwili. Usingizi ulinihama.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Zizi likifungwa, hakuna kinachotoka. Nikaona tuache mulango, ugonjwa utokee hapo. Nikachora kwa kalamu ya bic mistari miwili kando ya kitovu, na katikati nikapaka pomadi ya kung'arisha ngozi iliyotoka soko la Ariwara, maana ilituliza kuwasha kama maji juu ya moto.

"Weye unanifanya mutamba wa zizi lako?" dada akacheka.

"Simama vizuri, yaya. Mulango usipinde."

Siku ya saba, kulipopambazuka, mulango haukuwepo. Choa ilikuwa imepita juu ya pomadi, nyekundu, imefunga. Nikamwita, hakujibu. Moyo wangu ulipiga mpaka bati za jirani zikatikisika. Kumbe alikuwa amelala tu. Nikampakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, nikilia njia nzima.

Muuguzi, mama wa makamo, alikwangua magamba kidogo, akayatazama kwa hadubini.

"Mama, amebakisha saa ngapi?" nikauliza.

"Saa za nini?"

Nikamweleza zizi, mulango, pomadi, ncha. Hakucheka. Akaomba kikopo cha pomadi, nikakitoa mfukoni, akasoma maandishi yake.

"Papa, duara haiue mutu. Hii ni ukungu wa ngozi. Unakula ukienda inje, katikati kunapona, ndiyo maana unaona duara. Pomadi yako inatuliza kuwasha, lakini inashusha kinga ya ngozi, na yeye kinga iko kidogo tayari. Ni weye ulikuwa unailisha. Sasa nionyeshe vidonge vyake vya kila siku, nimupe vya ukungu visivyogombana navyo. Na asiache hata kimoja."