Pima kwa Hii

Siku niliyoambiwa nina saratani ya titi nilikuwa nimeshika orodha ya zipu. Nilikuwa nimekuja Musoma kwa mambo mawili, majibu ya kile kinyama walichokikata kupima na zipu za sare za shule, na kwa akili yangu zipu ndizo zilikuwa safari yenyewe. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alilitamka neno lile mara moja, akasubiri, halafu akasema titi la kushoto litaondolewa. Nikamuuliza, lote? Akasema lote. Akanipa karatasi yenye tarehe ya kulazwa, wiki tatu mbele, nikaikunja pamoja na orodha yangu na kwenda zangu dukani. Nilipofungua mfuko nyumbani Bunda nilikuta zipu sitini za rangi ya chungwa. Sijawahi kuona shule Bunda yenye sare ya rangi hiyo. Mpaka leo ninazo.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa vifua vya wanawake wa Bunda. Nimevipima, nimeviandika kwenye daftari, nimejua nani anamnyonyesha mtoto na nani ana mimba kabla hajamwambia mumewe. Nilijisifu kwamba futi yangu haidanganywi. Sasa niambiwe kwamba ndani ya kifua changu mwenyewe kitu kilikuwa kinakua, nami natembea nacho sokoni nikicheka na watu? Nilimkasirikia daktari, nikalikasirikia titi lenyewe, nikaoga usiku huo bila kujitazama.

Nilimwambia mume wangu, naye bila kuniuliza akapiga simu Butiama kwetu. Siku ya tatu wakaja, mama na shangazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Mama alikaa akilia. Shangazi ndiye aliyesema. Alisema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na kwamba kuna mwanamke kule kwao Butiama alikatwa hivyohivyo, mwezi haukuisha wakamzika. Jioni nikiwa jikoni nikamsikia akimweleza jirani yangu jinsi nilivyokuwa mchapakazi. Nilivyokuwa! Nami nipo hapo, nageuza ugali wake.

Niseme ukweli wangu: maneno ya shangazi yalinifurahisha. Nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza, nikampata. Asubuhi nikaichukua karatasi ya hospitali nikaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, nikaamua siendi.

Siku ya soko alikuja mama wa dagaa. Huyu ni mteja wangu kutoka Kibara, analeta dagaa Bunda, na sauti yake inafika kabla yake. Tulikuwa na ugomvi wa miaka. Hakuwahi kukubali kupimwa. Alikuwa anakuja na gauni kuukuu, analitupa mezani, anasema, "Fundi, pima kwa hii." Kwa fundi hayo ni matusi, kwa sababu gauni kuukuu limeshavutika na kulegea, na nguo ikija kukaa vibaya analaumiwa fundi. Kingine, alidai mabaki yote ya kitambaa chake, hadi kipande cha ukubwa wa kiganja. Nilishawachekesha majirani kwamba mama wa dagaa hata matambara anayahesabu. Nilidhani anashonea mito.

Siku hiyo akatupa gauni lake mezani kama kawaida. Nikalisukuma likaanguka chini.

"Sipimi gauni leo," nikamwambia. "Napima mtu. Kama hutaki, mafundi wapo wengi."

Nilitaka anitukane. Nilitaka nipate wa kugombana naye. Lakini aliinama akaliokota gauni, kisha akaniuliza taratibu kama ninaumwa. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu ambaye nilikuwa namsengenya. Nikamwambia yote, hata karatasi iliyoko chini ya vifungo, na kwamba siendi popote.

Akavuta pazia la pale wateja wanapojaribia nguo. Akaingiza mkono ndani ya gauni alilovaa, la bluu lenye ndege, akatoa kitu akakiweka kwenye meza yangu ya kukatia.

Kilikuwa kimto kidogo cha mviringo. Cha bluu, chenye ndege.

Kitambaa kile nilikuwa nimekikata kwa mkasi wangu. Nilikumbuka hata yule ndege aliyepoteza kichwa nilipozungusha shingo ya gauni, na sasa mwili wake ulikuwa hapo, umefungwa kwa uzi mweusi. Nikakishika. Kilikuwa na joto la mwili wake. Ndani kuna pamba na vipande vya magauni mengine, vyote nilivijua. Nikaona mishono imepinda, nikajisikia aibu kwamba hata hapo macho yangu yanatafuta mishono. Nikakaa.

"Huu mwaka wa tisa tangu nikatwe," akasema. "We unanipaga mabaki, mi nashonaga hii. Kila gauni na yake, isije ikaonekana kwa juu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema watu wanaamini inaambukiza, nani angenunua dagaa aliowashika yeye. Hata kijijini kwake anayejua ni mumewe tu na binti yake mkubwa. Kisha akakirudisha kimto mahali pake, akajinyoosha mbele ya kioo changu, na akawa tena yule mwanamke niliyekuwa nadhani namjua. Mimi na futi yangu isiyodanganywa.

Akasema Alhamisi tunakwenda Musoma, kuna wenzake anataka niwaone. Hakuniuliza kama nataka.

Wenzake walikuwa wanne, wanakutana chumba cha nyuma cha duka la vitambaa ambalo mwenye duka ni mmoja wao, mama wa Kiislamu mwenye ushungi mweupe. Nilijiandaa kwa maombolezo. Nikawakuta wanabishana kuhusu chai, imezidi tangawizi. Wote walikuwa wamekatwa. Nilikaa nikiwatazama vifua mmoja mmoja bila adabu, na wakaniacha nitazame. Mama wa ushungi akasimama ukutani akanionesha jinsi vidole vinavyopanda taratibu, kama mtu anayepapasa swichi gizani, mpaka mkono ukubali tena kunyooka. Mwingine akaniambia nguo yangu ya kulazwa iwe ya kufungua mbele, maana sitaweza kuivulia kichwani. Mwingine akasema kuna siku nitamchukia kila mtu mwenye matiti mawili, na nisijilaumu.

Ndipo nikauliza habari ya kisu na yule mwanamke wa Butiama.

"Tulimjua," mama wa ushungi akasema. "Alianza na mitishamba mwaka mzima, mama. Alipokuja hapa ameshakuwa kidonda. Sisi tulimuuguza."

Shangazi hakudanganya, alianza tu kusimulia karibu na mwisho. Na mimi kwa maneno hayo nilikuwa nimeshaiweka karatasi kwenye droo.

Sikuwa jasiri baada ya hapo. Lakini niliitoa karatasi chini ya vifungo, nikajishonea gauni la kufungua mbele, na kwa mara ya kwanza nikaandika vipimo vyangu kwenye daftari la wateja. Shangazi aliposikia alirudi Butiama kwa hasira, akamwambia mume wangu asije akamlaumu mtu.

Mama wa dagaa alisema atakuja hospitalini, na alikuja tangu siku ya kulazwa. Nilihofia siri yake. Kwenye kitanda cha mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa Kibara anayemuuguza binti yake, na alimjua mara moja. Akamsalimia kwa furaha, akamuuliza ameleta mgonjwa gani, akaniambia mimi kwamba dagaa wa huyu hawana mchanga. Mama wa dagaa akacheka, huku akivuta khanga mabegani.

Kesho yake nikapasuliwa. Nilipozinduka mkono wa kulia ulikwenda wenyewe upande wa kushoto. Bandeji, mpira wa kutoa maji, na pale palipokuwa titi, tambarare. Nilikuwa nimeambiwa na daktari, nimeambiwa na wenzangu wote, nimejishonea hata gauni, na bado nilishtuka kana kwamba nimeibiwa. Nililia bila sauti kwa sababu kifua kiliuma.

Nilipogeuza kichwa nikamwona kwenye kiti. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye ndege, bila khanga. Upande wa kushoto ulikuwa umelala. Kitambaa nilichokuwa nimekikunja na kukiinua pale kifuani kilining'inia kitupu, na dirisha lilimmulika vizuri kila mtu aone.

"Kimto kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mkoba," akasema. "Nilitaka ukiamka ukute tuko wawili."

Yule mama wa Kibara alimkodolea macho kifuani, mkono mdomoni. Mama wa dagaa akakigeuza kiti chake, akamtazama usoni, akamwambia siku ya soko atakuwepo kama kawaida, na dagaa ni walewale.