Mkulima wa Pate, Nguvu Ishirini

Masika yale hoteli ilifungwa kama kawaida, wageni wakaondoka, tukabaki watatu kuilinda: mimi mtunza stoo, mpishi wetu, ambaye ni mama wa kutoka bara, na nahodha wa boti ya hoteli, mtu wa Kiunga. Hoteli yenyewe iko Ras Kitau, kisiwani Manda, ng'ambo ya Shela, na mvua ikishashika hapana kazi ila kufagia majani na kuangalia paa linavuja wapi.

Katika chumba kimoja wageni walikuwa wamesahau sanduku la mchezo. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, ramani ya nchi isiyokuwepo, karatasi za kuandikia mashujaa, na dadu zenye pande nyingi kuliko nilivyoona haja. Mpishi alikisoma kitabu kile kama anavyosoma mapishi mapya, bila kuruka ukurasa, kisha akatueleza. Kila mchezaji ana shujaa wake. Shujaa hupewa namba za nguvu, wepesi, uvumilivu, akili, busara na haiba, zote kwa kipimo cha ishirini. Yeye mpishi atasimulia yanayotokea, sisi tutasema mashujaa wetu wanafanya nini, na dadu itaamua kama wamefaulu.

Nahodha akasema yeye ni Mwislamu, dadu haishiki. Mpishi akamwambia hapa hakuna pesa inayochezewa. Nahodha akasema hajataja pesa, ametaja dadu. Basi tukaandika namba kwenye vizibo vya soda, moja hadi ishirini, tukavitia kikapuni, ili mtu achomoe kimoja bila kuangalia. Nahodha alikitazama kikapu kile kwa muda, akasema kikapu hakina neno.

Mashujaa wa kitabuni hawakutufaa. Wote walikuwa wametoka kwenye theluji na walikuwa wakilalamika njiani. Mpishi akasema kanuni zinaruhusu kumleta shujaa wa hadithi yoyote, mradi apewe namba. Nahodha akamleta mpiga mbizi wa hadithi moja ya kwao, mtu asiyehitaji kupumua. Mimi nikamleta shujaa wa mama.

Huyu alikuwa mkulima wa tumbaku, kwetu Pate. Babu yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa akimsimulia, na sijamsikia kwa mtu mwingine. Jini alikuwa akiiba maji ya kisima kule magofuni. Mkulima akamvizia, akamshika ndevu, asimwachilie mpaka kukapambazuka, na jini akauhama mji. Hadithi ni hiyo tu. Nilipokaa na karatasi niliona kwamba najua nguvu zake na sijui kitu kingine, nikampigia mama simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nguvu nimempa ngapi. Nikasema kumi na nane.

"Kati ya ishirini?"

"Ndiyo, mama."

"Na hizo mbili metwaa nani?"

Nikaandika ishirini. Tulipofika kwenye akili nilipendekeza kumi na tano, mama akasema nane. Nikamwambia hiyo ni ndogo kwa shujaa.

"Mtu wa akili humshika jini ndevu?"

Nikaandika nane. Wepesi alimpa tano, kwa kuwa alikuwa na goti bovu, jambo ambalo sisi wajukuu hatukuwahi kuambiwa. Haiba alimpa kumi na mbili: alikuwa mfupi, lakini meno yote alikuwa nayo. Vilevile alikuwa akiogopa paka, na mama akataka hilo liandikwe pahali pake.

Kazi yake ndiyo iliyotutatiza. Kitabu kilikuwa na askari, mchawi, mwizi, padri na wengine wa namna hiyo. Nilipomsomea, mama aliuliza kama hamna mkulima. Hamna. Akauliza watu hao basi wanakula nini. Swali hilo nililifikisha kwa mpishi, naye akaliona la maana, akashinda siku nzima kuitunga kazi ya mkulima: hajui upanga ila jembe, hujua mvua itakuja lini, na hapatwi na usingizi akiwa na kitu cha kulinda.

Tokea hapo mama akawa akipiga simu mara kwa mara kuuliza mkulima yuko wapi. Nilimwambia yuko msituni, anatafuta taji la mfalme lililopotea. Akasema mfalme angelitafuta mwenyewe. Kesho yake akauliza tena yuko wapi.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, tulifika kwenye daraja lililokuwa likilindwa na zimwi. Nikasema mkulima analishika ndevu. Mpishi akageuza kitabu nione picha: zimwi halikuwa na ndevu. Nikasema basi alishike shingo. Nikatia mkono kikapuni, kikatoka kizibo cha moja, namba mbaya kuliko zote. Mpishi akazisoma kanuni, akazirudia, akavua miwani.

"Ameanguka mtoni," akasema. "Amekufa. Pole sana."

Nahodha akasema inna lillahi. Kisha mpiga mbizi wake akalimaliza zimwi, akavuka daraja na kuendelea na safari, kama kitabu kilivyotaka.

Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu ikiwa boti ipo. Kesho yake nikapanda boti ya Mtangawanda, kisha pikipiki mpaka Pate. Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Kuniona siku isiyo yangu ya kuja, aliuliza nani amekufa. Nikamwambia, mkulima.

Akaweka ungo chini. Akauliza imekuwaje, nikamweleza daraja, zimwi na kizibo. Akauliza kama tumemzika. Nikasema wenzake walilazimika kuendelea na safari.

"Mumemwata mtoni."

Hakuwa akiuliza kama tumemwacha. Nikasema hapakuwa na nafasi.

"Huyo mwenziwe," akasema, "si mpiga mbizi?"

"Ndiye."

"Basi?"

Babu yangu, yule aliyekuwa akimsimulia mkulima, alifia hospitali Mombasa, akazikwa huko huko, na mama alipofika alionyeshwa kaburi tu. Hilo hakulitaja siku ile, wala mimi sikulitaja. Alinipa chakula, akaniuliza habari za mvua Manda. Nilipokuwa navaa viatu akasema, "Warudi wakamtoe."

Niliwafikishia wenzangu maneno hayo nikitarajia watacheka. Nahodha alisema mama ana haki na kwamba lile jambo lilikuwa likimkera tangu Ijumaa. Mpishi akafungua ramani, akasema mto una mamba na kwamba kila hatua itabidi tuchomoe kizibo. Nahodha akamtazama tu. Mpishi akakisogeza kikapu kando, akasema siku hiyo mamba hawapo.

Mpiga mbizi akarudi darajani, akazama, akamtoa. Nahodha alieleza kuosha maiti kulivyo, taratibu, na mpishi akayasimulia kwa maneno yake, akiuliza pale asipojua. Sanda hatukuwa nayo. Katika mizigo yetu mlikuwa na hema, tukalikata. Kaburi lilikuwa halina shida mpaka ilipofika habari ya kibla, kwani ramani ilionyesha mshale wa kaskazini tu. Nahodha akasema kwetu sisi kibla ni kaskazini, basi na iwe huko. Mpishi akauliza kama nchi ile inayo kaskazini hiyo hiyo. Nahodha akasema kaskazini ni moja.

Nikampigia mama nikaweka spika. Aliuliza nani aliyeingia kaburini kumpokea, nikamwambia mpiga mbizi. Akashukuru. Kisha akaomba kusema na huyo mama msimulizi, ambaye hawajawahi kuonana. Mpishi akaisogelea simu, akaivuta leso kichwani kana kwamba anaonekana.

"Pole kwa msiba, mama," akasema.

"Tumeshapoa, Bi," mama akajibu. "Mungu akulipe."

Simu ilipokatika mpishi aliuliza watu wa huku hufanya nini baada ya mazishi. Nahodha akamwambia hula. Akaenda jikoni akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, sufuria kubwa ambayo kwa kawaida hutolewa hoteli ikijaa, na tukala watatu sisi, mvua ikipiga makuti.