Visu vya Verna

Visu vya Verna Ducharme viko kwangu, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Kuna cha mkate, cha kumenyea viazi, na kile chembamba cha samaki alichoachiwa na marehemu mumewe. Akitaka kukata kitunguu huvuka barabara, hubisha mara moja, na bila kungoja jibu huingia akasema, "Mzee, naazima mali yangu." Akimaliza hukiosha akakirudisha, hata kama theluji imefika magotini.

Mimi nimetangatanga sana kwenye hizi tambarare za Kanada, nimepakia ngano na kula kwenye meza za watu wengi, lakini nyumba isiyo na kisu sikuwahi kuiona mpaka nilipohamia huu mtaa wetu wa nyuma ya reli.

Sababu ni Lyle, mwanawe. Lyle ni mtu mzima, mpole, mwenye viganja kama sepetu. Mimi ananiita babu, na nikiteleza kwenye barafu hunicheka kwanza ndipo akaniinua. Ila kuna majira sauti humjia kichwani, na hapo hamtambui hata mama yake. Siku moja ya namna hiyo Verna alipiga simu kuomba msaada. Wakaja polisi, maana ukipiga, wajao ni wao. Walimkuta Lyle jikoni anapaka mkate jamu. Kisu walikiona, jamu hawakuiona. Walimwangusha nje kwenye theluji, mkono ukavunjika, na Verna yuko mlangoni analia kwamba ni jamu, ni jamu tu. Kesho yake ndiyo akaniletea visu.

Baadaye sauti zilimrudia Lyle, Verna akapiga tena, na safari hii lilikuja gari la kijivu. Halikuwa na king'ora wala taa za juu. Ndani alikuwamo nesi Marilou, Mfilipino mfupi wa sauti ya chini, pamoja na askari mmoja aliyevaa sweta kama mtu aendaye dukani. Marilou swali lake la kwanza lilikuwa visu viko wapi. Verna akamwambia viko kwa mzee, ng'ambo ya barabara. Basi Marilou akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na Lyle, akaanza kumsimulia habari za nguruwe wa mama yake kule kwao. Chai ikapoa, wakachemsha nyingine. Mwishowe walitoka pamoja kwenda hospitali, Lyle amevaa koti lake kwa mikono yake mwenyewe.

Gari lile lilikuja tena na tena. Verna akaanza kupata usingizi. Akarudi kwenye mchezo wake wa bingo, akarudi hata kunisengenya kwa majirani, nikajua amepona.

Mwaka huu baraza la jiji likaanza kujadili fedha za polisi. Polisi waliomba waongezewe, na mtaa wetu ukapasuka. Pawlyk, fundi magari ambaye gereji yake imevunjwa na wezi mpaka amezoea, alisema jiji likiwabania polisi, wezi watahamia kwetu na magodoro yao. Theresa, binti wa kaka yake Verna, ndiye aliyewakusanya wanaopinga. Yeye alitaka fedha hizo ziende kwenye nyumba za kukaa watu na matibabu. Siku ya mjadala tulikwenda wote, tukajaa ukumbini na makoti yetu mapajani.

"Mwizi akiingia kwako utampigia nani?" Pawlyk akamuuliza Theresa. "Daktari wa meno?"

"Wewe si ulipiga, Pawlyk? Walipofika ulikuwa umeshasahau umeibiwa nini."

Watu walicheka, na Pawlyk mwenyewe akacheka.

Pale barazani, anayetaka kusema lazima kwanza aseme anaunga mkono au anapinga. Verna alimwambia karani kwamba yeye analitaka lile gari la kijivu, basi. Karani, kwa adabu kabisa, akamwambia hakuna kundi la gari. Kuna kuunga na kuna kupinga. Theresa akamshika mkono. "Shangazi, sema unapinga. Twende."

Akasema anapinga. Alipewa dakika tano, hakuzimaliza.

"Mwanangu alivunjwa mkono kwa pesa hizi hizi," aliwaambia madiwani. "Halafu akaja nesi akamtoa kwa maneno. Mimi naomba nesi."

Ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi. Nadhani yeye ndiye aliyewageuza, kwa sababu kura zilipopigwa, polisi walinyimwa nyongeza. Theresa akamkumbatia shangazi yake wakawa wanayumba.

Ndipo mkuu wa polisi akaulizwa atapunguza nini. Alijibu taratibu, bila hasira. Mishahara lazima ipande, imefungwa na mkataba uliotiwa saini na jiji lenyewe, haiguswi. Kisichofungwa ni gari la kijivu, maana lilikuwa la majaribio. Diwani mmoja akauliza kwa nini watu wa afya wasilichukue. Akajibiwa kwamba afya ni ya mkoa, polisi ni wa jiji, na mkoa umeshasema lile ni gari la polisi. Diwani akanywa maji. Wakaingia kwenye habari ya kuzoa theluji.

Mikono ya Theresa ililegea. "Shangazi, sikujua limo kwenye fungu lao."

"Na mimi ningejua ningeunga mkono," Verna akasema. "Ningesimama pale niwaombee pesa waliomvunja mwanangu."

Pawlyk alikuja, kofia mkononi. Akasema gari lile hata yeye alilipenda.

Juzi sauti zilimrudia Lyle, akaanza kuziba madirisha kwa mablanketi. Leo asubuhi Verna amevuka na mkasi, bisibisi na uma zote za nyumbani. Nimevitia kwenye kopo. Kisha ametoa simu mfukoni mwa aproni.

"Na hii, Mzee."

Nimemuuliza, mambo yakizidi je?

"Yakizidi nitapiga. Mkono wangu naujua. Na nikipiga watakuja wale." Ameniwekea simu kiganjani akavikunja vidole vyangu juu yake. "Nikija kuiomba, usinipe."

Hakuazima kisu. Ameondoka, amefunga mlango wake, na blanketi la dirisha la mwisho likapandishwa.

Simu nimeiweka juu ya visu. Kiti changu nimekisogeza dirishani, nautazama mlango ule. Akivuka mbio akaniomba, sijui kama nitampa.