Mpaka Unyevu Ufike Kiwiko

Shangazi yangu ni mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo na kubishana kabla ya chai. Mumewe, fundi baiskeli, ana mikono ya subira na moyo wa pupa. Kwa miaka ishirini na mitano walipanda mahindi mara tu tone la kwanza lilipoanguka, kama wazazi wao. Kisha mvua zikawa vigeugeu. Misimu miwili mfululizo zilinyesha siku tatu, mahindi yakachipua, jua likayachoma yote.

"Dalili ya mvua ni mawingu," fundi alijitetea.

"Siku hizi mawingu nayo yamejifunza uongo," shangazi akamjibu.

Msimu wa tatu akagoma. Aliligawa shamba kwa kamba: huku kwa mume, huku kwake. Upande wake akachimba mashimo, akatia samadi, akafunika kwa mabua makavu ili ardhi isikauke upesi. Jirani mmoja akamuuliza anazika panya wangapi.

"Siziki panya, nazika umbea," alisema bila kuinua kichwa.

Mvua ikaja. Fundi alipanda siku hiyohiyo, akipiga mluzi. Shangazi aliufukua udongo, akazamisha mkono, akakuta unyevu umeishia kwenye vidole. Akarudi ndani.

"Mpaka unifike kiwiko," alisema.

Nilikuwa likizo kwao, na kusema kweli nilimwonea huruma. Siku ya kumi mahindi ya mumewe yalikuwa na urefu wa kidole, ya kwake yangali mfukoni. Ila mvua ilishakata. Majani yakaanza kujikunja, yakageuka manjano, yakalala. Siku ya kumi na tisa mvua ikarudi, safari hii ya kweli, na shangazi akatoka shambani na matope hadi kwenye kiwiko, anacheka.

Kesho yake asubuhi fundi alisimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi.

"Mke wangu, mbegu zimebaki?"

Nilitega sikio nisikie atakavyosutwa. Hakusutwa. Shangazi alivuta mfuko nyuma ya mtungi.

"Niliweka za ziada. Si nakujua? Kuna mtama na mahindi ya muda mfupi. Chagua."

Kamba ikang'olewa, wakapanda pamoja. Mtama ulipokomaa, ndege wakauvamia. Fundi akatundika spoki na vipande vya mnyororo vilivyogongana kwa upepo. Bado ndege walikula kona nzima. Hata hivyo ghala lilivuka nusu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu mvua zilipoharibika.

Siku hizi magoti yanamsumbua shangazi. Fundi ndiye anayechimba, yeye anasimamia akiwa kwenye kigoda. Juzi nilimpigia simu nikamkuta amepandisha sauti.

"Mistari yake imepinda kuliko magurudumu anayoletewa!" alinilalamikia, kisha akashusha pumzi. "Ngoja nimpelekee maji, mwanangu. Jua kali, na mtu mwenyewe hajui kupumzika."