Mwanga kwa Mama wa Bwana Harusi

Nikiingia ukumbini kupiga picha za harusi, kabla sijasalimia watu naangalia juu. Dari ikiwa nyeupe nashukuru, maana hurudisha mwanga. Lakini kumbi zetu za mitaa ya Eastlands wapambaji huzifunika kwa vitambaa vya zambarau vilivyovutwa kutoka pembe hadi pembe, na chini yake mchana huwa giza kama la stoo.

Ndiyo sababu nilijifunza kutenganisha flashi na kamera. Naisimamisha kwenye stendi pembeni, juu kidogo ya vichwa vya watu, na kifaa kidogo kwenye kamera huiwasha ninapobonyeza. Flashi iliyokaa juu ya kamera humpiga mtu usoni moja kwa moja, akaonekana kama aliyemulikwa na askari. Ile ya pembeni humwachia mtu pua yake, mashavu yake na kivuli chake. Kwa muda mrefu nilidhani ujuzi wote uko hapo, katika kuchagua nini kiangaziwe na nini kiachwe gizani.

Kisha ikaja harusi moja katika mtaa wa Tena, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Bwana harusi alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mzaliwa wa mtaa wa Mowlem, wazazi wake wakiwa wametoka magharibi mwa nchi. Bibi harusi alikuwa karani, na watu wake walikuwa wametoka Ukambani asubuhi na mapema, wameshuka na nyimbo zao. Mama yake bwana harusi hakuwa kwenye meza ya wazazi. Alikuwa ameketi kona ya mbali, leso imefunika nusu ya uso.

Bwana harusi alinivuta kando. "Mama aliamka siku moja uso umepooza upande mmoja. Tangu hapo hataki picha. Anaona aibu. Lakini leo, tafadhali, jaribu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilijua la kufanya. Nilibeba stendi hadi kwenye ile kona, nikaiweka upande wa uso uliokuwa mzima, ili ule mwingine uzame kivulini. Bibi harusi akaja, akamkumbatia mama mkwe wake. Mama akaishusha leso kidogo, kwa heshima ya mkaza mwana. Nikabonyeza. Mara akashtuka, akafunika jicho kwa kiganja.

Alipotulia nilimwonyesha picha kwenye kamera. Akaisogeza karibu.

"Huyu mama ni mzuri," akasema. "Sasa nusu yake nyingine umeipeleka wapi?"

"Nimeiacha kivulini, mama. Nilidhani hutaki ionekane."

"Nani alikuambia? Uso huu nimeuzoea, mwanangu. Kanisani naenda nao. Sokoni Muthurwa nauzia watu mboga nao." Akagusa jicho la upande uliopooza. "Tatizo ni hili. Halifungi. Mwanga ukiwaka linachoma kama limetiwa pilipili, na leo kila mtu ana simu inayomulika. Ndiyo maana nimekaa huku."

Bibi harusi, ambaye alikuwa bado amemshika bega, akauliza, "Na kwa nini hukutuambia, mama?"

"Ni siku yenu. Ningesema, mngezima mataa yote, watu wale chakula gizani kwa ajili yangu."

Nilisimama pale na stendi yangu nikijisikia mjinga kidogo. Kisha nikaanza kuwaza. Kama flashi ingempa mama mgongo, ikagonga kitu kikubwa cheupe, mwanga ungerudi kwake umepoa. Lakini ukutani kulikuwa na zambarau tupu, na zambarau hurudisha zambarau. Niliposema hivyo kwa sauti, shangazi yake bibi harusi, aliyekuwa ameketi karibu, akaondoka, akarudi na kitambaa cha meza cheupe kilichobaki kwenye mizigo ya wapambaji. Yeye na dada yake wakakishika, kila mmoja na pembe zake, wakakinyoosha kama wanaoanua nguo.

"Wamama, mnaanika shuka hapa harusini?" emsii wa sherehe akauliza kwenye maikrofoni, na ukumbi mzima ukacheka. Nilimwendea nikamnong'oneza. Akabadilisha sauti. "Sasa wasee, tochi za simu tuzime. Mama yetu jicho linamuuma."

Zikazimwa, moja moja. Nikaigeuza flashi ielekee kitambaani, nikabonyeza.

"Washa basi," mama akasema.

"Imeshawaka, mama."

"Hiyo?" Akacheka, mdomo ukavutika upande mmoja, na hapo nikabonyeza tena. Kisha akaivua leso, akaikunja, akaiweka mapajani.

Bwana harusi alikuwa ameona watu wakitazama kona ile, akaja mbio. Mkewe alimweleza kwa maneno machache. Akachuchumaa na suti yake mpya mbele ya mama yake.

"Mama, kumbe ni jicho? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama naumwa? Kila siku uliniambia tu nisijali, bado mimi ni mrembo."

Aliushika mkono wake, akainamisha kichwa. Halafu akambebea kiti hadi meza ya wazazi, shangazi wawili wakifuata na kitambaa chao, wakisisitiza kwamba hawajachoka.

Siku hizi, kabla ya kusimamisha stendi, nazunguka nikisalimia wazee na kuwauliza kama mwanga unawasumbua. Wengi hunishangaa.

Bwana harusi alichagua ile picha ya kicheko itundikwe sebuleni. Uso wa mama uko wote, upande unaocheka na upande usioweza. Lile jicho lisilofunga lina machozi. Sijui kama ni ya furaha au ni ya ugonjwa tu, na siku ile sikuona haja ya kumuuliza.