Kopo la Poda la Mama

Daktari alitazama majibu ya damu na mkojo, akamwambia fundi viatu kuwa mama yake bado anakula chumvi nyingi na figo zinazidi kuchoka. Fundi alishangaa, kwani mpishi ni yeye, na chakula cha mama hakitii chumvi. Nyumbani akaikuta chumvi kwenye kopo la poda.

"Mama, siku hizi unajipaka chumvi?"

"Chakula chako hakishuki, mwanangu. Mbona cha kwako unakitia chumvi?"

Fundi, mtu mpole, hakubisha. Tangu siku hiyo walikula chakula cha sufuria moja, chenye ndimu na kitunguu saumu kwa wingi, chumvi hakuna. Kila fundi alipokunja uso kwa kukosa chumvi, mama alicheka hadi machozi, kisha akamaliza sahani yake.

Kwenye kipimo kilichofuata, daktari alitabasamu. Mama alikuwa ananukia poda.