Tulivyong'oa bati za banda Uvira ili ndama apate jua wakati wa vita

Wakuu, habari zenu. Niko Uvira, kati ya ziwa na milima. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Wakati wa vita, baba mkwe alishuka kutoka Bijombo, huko milimani, na ng'ombe mmoja, Bihogo, na ndama wake jike. Wengine wote walichukuliwa na watu wenye bunduki. Akafikia kwetu, mtaa wa Nyamianda.

Tukawaficha kwenye banda nyuma ya nyumba. Kuta za tofali, bati juu, mlango umefungwa. Majani tunakata, tunawaletea humo humo.

(Kwa wasiofuga: ng'ombe wetu hawa, ndama akifa, mama anagoma kutoa maziwa. Na mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa anaishi kwa maziwa hayo.)

Miezi ikapita. Ndama akaanza kukohoa. Tunamchoma sindano, anapata nafuu, anaanza tena. Mara magoti yakavimba, kusimama ikawa shida.

Nikamwita Mama Furaha, daktari wa mifugo. Akampapasa miguu, akatazama juu kwenye bati.

"Huyu aliona jua lini?"

"Tangu tumfiche humu hajaliona," nikasema.

"Jua ndilo linamutengenezea vitamini D mu ngozi. Akiikosa, mifupa inalegea na kinga ya mwili inashuka. Pengine ndiyo maana kikohozi kinarudia. Sindano ya vitamini haiko, barabara ya Bukavu imefungwa. Mumalize dawa ya kikohozi, na mumupe jua."

Baba mkwe akaja juu. "Weye daktari, nikimutoa inje watamubeba leo leo!"

"Basi baba, tutoe bati," nikasema.

"Na wale wa bunduki wenye kuwa ku kilima? Si wataona mpaka ndani?"

Mume wangu, ambaye ni seremala, akainuka. Akatoka, akazunguka banda, akarudi.

"Tufungue upande wa ziwa tu. Wa kilimani hawaoni huko, na jua linatokea huko."

Akang'oa bati za upande huo. Mvua ikija, tunarudisha.

Siku ya kwanza jua lilipoingia, ndama alifumba macho, Bihogo akawa anamlamba. Baba mkwe alikaa mlangoni roho juu. Pikipiki ikipita, anasimama.

Hakuna aliyekuja, wakuu. Wala siku zilizofuata.

Kikohozi kikapungua, kikaisha. Magoti yalichelewa zaidi. Halafu asubuhi moja nakamua, ndama akaja mbio, akasukuma kiwele kwa kichwa, ndoo ikaruka, maziwa yote chini!

Baba mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Tangu ashuke Bijombo sikuwa nimemsikia akicheka. Mtoto siku hiyo alikunywa uji mtupu, na hakuna aliyenilaumu.

Sisemi jua ni dawa ya kila kitu, sindano za kikohozi tulimaliza. Ila ukimfungia mnyama ili awe salama, mtafutie pa kuingiza jua.

Madaktari wa mifugo mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na nyie majirani zetu wa Luvungi mliowahi kuficha ng'ombe, wenu mliwatunzaje?